Madoa ya grauti kwenye vigae vya udongo: Jinsi ya kuyaondoa, na iwapo ni lazima vigae kuzibwa vinyweleo

KILA mwaka ifikapo Oktoba, malipo ya pili ya majani chai, ambayo wakulima huyaita bonasi, huingia katika akaunti za wanaouza zao lao kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Katika kituo cha biashara cha Mogogosiek, eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, huo huwa msimu wa kulipa madeni, kutenga karo ya Januari na, kwa aliyebakisha kitu, kumalizia nyumba. Saruji na vigae hununuliwa, fundi huitwa, na kila mtu hutaka kazi iwe imekamilika kabla ya Krismasi.

Ni katika haraka hiyo ambapo sakafu nyingi huharibika. Mwenye nyumba huacha veranda ikiwa na vigae vyekundu vya udongo vilivyopangwa sawasawa, akarudi jioni baada ya mianya kujazwa na kukuta wekundu umefunikwa na ukungu wa kijivu. Anapiga deki mara moja, mara mbili, mara tatu. Sakafu ikiwa imelowa maji, ukungu hutoweka na moyo hutulia. Ikikauka, ukungu u pale pale. Mabishano huanza: fundi anadai vigae ni vibovu, mwenye nyumba anadai fundi hajui kazi, na salio la malipo linazuiliwa. Kwa mkulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, ambako bonasi kwa kawaida huwa ya chini kuliko ile ya mashariki, kubandua sakafu na kuanza upya si jambo la kufikiriwa.

Aghalabu pande zote mbili huwa zimekosea kidogo. Vigae si vibovu, ila ni vya aina inayohitaji kutayarishwa kabla ya kupokea grauti. Na doa lenyewe, ijapokuwa halitoki kwa deki, mara nyingi huondoka kwa njia nyingine.

Kigae kinachokunywa maji

Grauti ni mchanganyiko wa saruji, mchanga laini au unga wa mawe, rangi na maji, ambao hujazwa katika mianya iliyo kati ya kigae kimoja na kingine. Katika vigae vingi vinavyouzwa nchini Kenya, vikiwemo vinavyotengenezwa na kiwanda cha Twyford kilichoanza kazi Kajiado mwaka 2016, uso wa kigae hupakwa utando mwembamba unaoyeyuka tanuruni na kuwa kama kioo. Grauti ikidondoka juu ya utando huo hukaa juu tu, na kitambaa chenye unyevu huiondoa yote.

Vigae visivyo na utando ni habari nyingine. Udongo unapochomwa, maji yaliyokuwemo hutoka na kuacha matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, yaani vinyweleo. Grauti mbichi ikigusa uso huo, kigae hufyonza maji yake na pamoja nayo chembe laini za saruji na rangi. Chembe hizo hugandia ndani ya vinyweleo. Ikumbukwe kwamba saruji haigandi kwa kukauka kama matope, bali kwa kuungana na maji. Kwa hivyo anayemwagia maji sakafu siku ya pili akitarajia kulilainisha doa huwa analisaidia kukomaa.

Kiasi ambacho kigae hunyonya kinaweza kupimwa, na ndicho kipimo ambacho kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 hutumia kuvigawa vigae katika makundi. Vinavyonyonya maji yasiyozidi asilimia 3 ya uzani wake huwekwa katika kundi la kwanza, vya kati ya asilimia 3 na 10 katika kundi la pili, na vinavyozidi asilimia 10 katika kundi la tatu. Porselini, ambayo huchomwa kwa joto kali zaidi, hainyonyi zaidi ya nusu ya asilimia moja. Vigae vya udongo mwekundu vilivyochomwa kwa joto la chini huangukia makundi ya mwisho, na vile vinavyotengenezwa kwa mikono hutofautiana hata katika shehena moja.

Anayenunua vigae atazame sanduku, kwani vingi vya viwandani huandikwa kundi lake. Pasipo maandishi, tone la maji hutoa jibu. Kigae kikavu huwekwa mezani na kudondoshewa matone machache. Maji yakibaki yameviringana baada ya dakika tano au zaidi, kigae hicho hakina tamaa ya kunyonya. Yakipotea mara moja na kuacha baka jeusi, basi grauti nayo itaingia vivyo hivyo, sembuse chai, mafuta ya taa na mchuzi.

Yapo pia mawe ya Mazeras, yaliyopewa jina la mji ulio karibu na Mombasa, ambayo siku hizi hupelekwa hadi nyanda za juu kwa ajili ya njia za bustani na kuta za mbele. Haya ni mawe ya mchanga yaliyojiunda ardhini, wala hayakuchomwa popote, lakini hunyonya grauti kama udongo na yanastahili tahadhari zile zile.

Jina lisilodanganya, na jina linalodanganya

Jambo moja la lugha lafaa kutajwa hapa kwa sababu limewahi kuwatia watu hasarani. Nchini Tanzania, vigae vya sakafu vya kila aina huitwa marumaru katika mazungumzo ya kila siku. Marumaru halisi, hata hivyo, ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo wa ardhi, na asidi hulila papo hapo. Anayesikia ushauri kwamba asidi huondoa grauti kwenye "marumaru", kisha akaumwagia kwenye jiwe halisi la marumaru, atapoteza ung'ao wake katika dakika chache. Ndivyo ilivyo pia kwa sakafu za chokaa za nyumba kongwe za Lamu na Unguja, na kwa mawe ya matumbawe. Yote yanayofuata kuhusu asidi yanahusu vigae vya udongo uliochomwa peke yake. Kwa mawe ya Mazeras, sehemu ndogo isiyoonekana ijaribiwe kwanza: povu likitokea, kuna chokaa ndani, na kazi ya asidi ikome hapo hapo.

Ukungu wa grauti, au chumvi?

Kabla ya kununua dawa yoyote ni sharti ijulikane weupe ule ni wa nini. Mvua ya Mogogosiek hunyesha takribani mwaka mzima, na ardhi chini ya sakafu huwa na unyevu. Pale ambapo zege lilimwagwa bila karatasi ya nailoni chini yake, unyevu huo hupanda, hubeba chumvi zilizo katika saruji na udongo, na kuziacha juu ya kigae maji yanapovukizwa. Weupe huu hufanana sana na ukungu wa grauti.

Tofauti iko katika tabia. Ukungu wa grauti huonekana siku ile ile au kesho yake, hufuata mkondo wa mkono wa fundi kwa alama za nusu duara za sponji, na ukiondolewa haurudi. Chumvi huja baada ya wiki au miezi, hukusanyika kando ya mianya na pembeni mwa kuta, huwa kama unga unaofagilika, na hurudi kila baada ya majira ya mvua. Kuisugua chumvi kwa asidi ni kutibu homa bila kutazama malaria. Dawa yake ni kuzuia maji yanayopanda: mfereji kuzunguka nyumba, mabomba ya paa yanayomwaga mbali na msingi, na subira mpaka sakafu mpya ikauke.

Njia za kuondoa doa

Muda ndio huamua mengi. Grauti ikiwa bado haijafikisha siku moja, brashi ngumu ya nailoni, maji machache na sponji isiyotota huweza kuondoa sehemu kubwa. Vipande vya mbao laini au kadi ya plastiki hukwangua matone manene bila kukwaruza. Brashi ya waya isitumike kamwe, kwa kuwa huacha chembe za chuma ndani ya vinyweleo, na chembe hizo hushika kutu na kuzaa madoa ya rangi ya machungwa ambayo ni magumu kuliko yale ya kwanza.

Mafundi wakongwe wana mbinu ya unga wa mbao, na ni mbinu nzuri. Baada ya sponji ya kwanza, unga mkavu wa mbao humwagwa juu ya sakafu na kusuguliwa kwa gunia. Unga hufyonza unyevu pamoja na saruji iliyobaki, kisha hufagiliwa. Unga wa mbao nyekundu zenye rangi inayochuja uepukwe, hasa kwenye vigae vya rangi ya maziwa.

Doa likishakomaa, kinachobaki ni asidi au msasa. Saruji ni mali ya chokaa kwa asili yake, nayo asidi huyeyusha misombo ya chokaa, ilhali udongo uliochomwa huihimili asidi iliyozimuliwa. Hapo ndipo siri ya kazi yote ilipo, na hapo ndipo pia hatari ilipo, maadamu grauti iliyo katika mianya ni saruji ile ile. Asidi haijui kutofautisha doa na kiungo. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wa grauti huagiza siku kadhaa zipite, mara nyingi wiki moja au zaidi, kabla ya asidi kugusa sakafu mpya. Katika baridi ya nyanda za chai, ambako saruji hukomaa polepole kuliko Kisumu au Mombasa, ni busara kuziongeza siku hizo.

Asidi zenyewe hazilingani nguvu. Siki ya jikoni ina asilimia 5 hivi ya asidi na hufaa kwa ukungu mwembamba. Isikatiwe tamaa baada ya jaribio la kwanza, kwa maana hufanya kazi taratibu. Maji ya limau yana asidi ya sitriki, ambayo pia huuzwa ikiwa unga. Asidi ya salfamiki, ambayo huja kama chengachenga za kuchanganywa na maji kulingana na maagizo ya pakiti, ndiyo inayopendekezwa zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa haitoi mvuke unaokaba na ni rahisi kuidhibiti. Asidi ya fosforiki ipo katika dawa nyingi zinazouzwa mahsusi kwa kuondoa saruji kwenye vigae.

Iliyoenea zaidi madukani, na ambayo fundi mwenye haraka huikimbilia, ni asidi ya hidrokloriki. Ni ya bei nafuu na huondoa saruji mbele ya macho. Hata hivyo huharibu mengi. Mvuke wake hutia kutu mabati, bawaba, mabomba na masinki yaliyo karibu. Ikiingia ndani ya kigae chekundu inaweza kuyeyusha chuma kilichomo katika udongo na kuacha manjano juu ya uso. Chumvi inayotokana nayo hubaki katika vinyweleo na kuja kuchanua baadaye. Mwenye kuweza kupata salfamiki hana sababu ya kuitumia. Akilazimika, aizimue sehemu moja kwa sehemu kumi za maji au zaidi.

Utaratibu ni mmoja kwa asidi zote. Sakafu hufagiliwa, kisha hulowanishwa kwa maji safi mpaka vigae vishibe, pasiwe na madimbwi. Hatua hii hupuuzwa mno, nayo ndiyo inayookoa kigae: vinyweleo vikishajaa maji, asidi hubaki juu palipo na doa badala ya kuzama. Eneo dogo, labda mita moja mraba, hupakwa asidi, huachwa dakika chache, husuguliwa kwa brashi ya nailoni, na uchafu hufyonzwa kwa kitambaa kabla haujakauka. Ndipo eneo hilo husuuzwa kwa maji mengi, mara mbili au tatu. Ni afadhali kurudia kwa asidi hafifu kuliko kumaliza kwa mara moja kwa asidi kali.

Baada ya kusuuza, mabaki ya asidi huzimwa kwa magadi. Kijiko kikubwa cha magadi ya kuoka kwa lita moja ya maji chatosha, na hata magadi ya kupikia maharagwe, yanayotokana na Ziwa Magadi huko Kajiado, hufanya kazi hiyo, kwa kuwa nayo ni adui wa asidi kwa maumbile yake. Sakafu ikishamwagiwa magadi na povu likatulia, husuuzwa tena kwa maji matupu. Magadi yakiachwa yakauke juu ya vigae, yatageuka kuwa weupe mwingine.

Tahadhari za uhai hazina mjadala. Asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, la sivyo mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka usoni. Glavu za mpira, miwani na viatu vilivyofunika miguu vivaliwe, madirisha yafunguliwe, na watoto na mifugo waondolewe. La kuzingatiwa kuliko yote ni kwamba asidi yoyote isikutanishwe na dawa ya kung'arisha nguo kama Jik, wala isimwagwe mahali palipopigwa deki kwa Jik muda mfupi uliopita. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Sabuni nyingi za vyoo nazo zina asidi, na zahesabiwa humo. Maji machafu ya kazi hii yasielekezwe mtoni wala kwenye hori la ng'ombe.

Yapo madoa yasiyosikia asidi. Grauti ya epoksi haina saruji, hivyo asidi haiigusi kabisa. Huhitaji dawa yake maalumu, na iliyokomaa huondolewa kwa shida. Grauti zilizochanganywa na gundi ya plastiki hujikinga kwa utando ambao sharti uondolewe kwanza kwa dawa ya magadi makali. Grauti nyeusi ina tatizo jingine: saruji huweza kuyeyuka lakini rangi ikabaki, kwa kuwa rangi hiyo hutengenezwa kwa kaboni au oksidi ya chuma na imeshazama.

Hapo ndipo kigae kisicho na utando hupata faida yake pekee dhidi ya ndugu yake anayeng'aa. Rangi yake imekwenda mpaka chini. Msasa namba 80, ukifuatwa na namba 120, au jiwe la kusugulia, huweza kuondoa tabaka jembamba la juu pamoja na doa lake, na kilichobaki kikawa kigae kile kile. Kazi ifanywe sakafu ikiwa na unyevu, na pua zifunikwe, kwa sababu vumbi la udongo uliochomwa lina silika ambayo hudhuru mapafu ya mtu anayelivuta mara kwa mara.

Je, ni lazima kuziba vinyweleo?

Swali hili huulizwa dukani, na mara nyingi hujibiwa na mwenye dawa ya kuuza. Jibu hutegemea tone la maji lililotajwa awali.

Kigae chenye utando wa kioo hakihitaji dawa yoyote juu yake. Dawa haina pa kuingia, itakauka juu na kuwa utelezi wenye mabaka. Porselini isiyong'arishwa nayo haihitaji. Porselini iliyong'arishwa kwa mashine huweza kuwa na matundu madogo yaliyofunguliwa na kule kung'arishwa, na baadhi ya watengenezaji huyaziba kiwandani. Vigae vizito vyekundu vya kusukumwa kwa mashine, vinavyowekwa jikoni na kwenye karakana, huweza kuishi miaka mingi bila dawa iwapo mwenyewe havutiwi na usafi wa kupindukia.

Udongo mwekundu unaonyonya tone papo hapo ndio unaohitaji kuzibwa, pamoja na mawe ya Mazeras yanayotembelewa. Katika nyumba ya mkulima wa chai kuna sababu ya ziada. Chai ina tanini, na tanini ikikutana na chuma huzaa rangi nyeusi, jamaa ya wino uliotumiwa kwa karne nyingi. Udongo mwekundu wa nyanda hizi umejaa oksidi za chuma, na vigae vyekundu vivyo hivyo. Kikombe cha chai ya rangi kilichomwagika juu ya kigae kisichozibwa, au majani mabichi yaliyoangushwa kutoka kikapuni na kukanyagwa verandani, huweza kuacha baka jeusi lisilotoka kwa sabuni. Asidi ya sitriki hulipunguza. Asidi ya oksaliki hulitoa vyema zaidi, lakini ni sumu ikimezwa na haifai kuachwa jikoni.

Grauti ya saruji iliyo katika mianya nayo hunyonya, hata pale ambapo vigae vyenyewe ni vya kioo. Kwa hiyo mwenye vigae vinavyong'aa anaweza kuiziba mianya tu, kwa brashi ndogo, na kuacha vigae vilivyo.

Dawa hizi ni za namna mbili, na kuzichanganya ndiko kumewapotezea wengi fedha. Ya kwanza huzama ndani ya kigae na kuvifanya vinyweleo vikatae maji, ilhali uso hubaki ulivyokuwa. Nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa silani au siloksani, nazo huruhusu mvuke kutoka chini kupita. Ya pili hukaa juu kama ngozi: akriliki, poliyurethani, na nta za kung'arisha sakafu ambazo vizazi kadhaa vya Wakenya vimezisugua kwa magoti juu ya saruji nyekundu.

Kwa Mogogosiek na sehemu zote zenye unyevu, ile inayozama ndiyo ya kupendelewa katika sakafu za chini. Ngozi ya akriliki huzuia mvuke unaopanda kutoka ardhini. Mvuke ukikwama chini yake, ngozi hugeuka nyeupe, huvimba na kubanduka vipande vipande. Isitoshe, veranda iliwekewa vigae visivyong'aa ili mtu aliyetoka shambani na buti zenye matope asiteleze. Kuvipaka ngozi inayong'aa ni kuiondoa sababu ya kuvinunua.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakifuatwa na nta, ni njia ya kale ya Ulaya ya kuhifadhi vigae vya udongo, na bado hutumiwa. Huleta rangi nzito yenye kupendeza. Katika hali ya unyevu, hata hivyo, huchelewa kukauka na huweza kuota ukungu. Vitambaa vilivyotumiwa kupakia mafuta hayo vitandazwe vikauke nje au vitiwe ndani ya ndoo ya maji, kwa kuwa vikikunjwa na kurundikwa huzalisha joto na huweza kuwaka moto vyenyewe.

Wakati wa kuziba

Hapa ndipo ungeanzia mpango wote, lau mafundi wangepewa nafasi. Kigae kinachonyonya sana hustahili kuzibwa mara mbili: kabla ya grauti na baada yake. Mpako wa kwanza hupakwa vigae vikiwa vimeshabandikwa na kukauka, kwa uangalifu ili dawa isiingie katika mianya, kwani grauti haitashikamana vyema na kuta zilizopakwa. Kwa gharama ndogo hiyo, grauti inayodondoka baadaye hufutika karibu kama juu ya kioo. Kazi inayofuata ifanywe kipande kwa kipande, sponji ikamuliwe, maji ya ndoo yabadilishwe kila yanapochafuka, na mkono wa fundi upite mshazari juu ya mianya. Rangi ya grauti iliyokaribiana na ya kigae pia huficha makosa. Grauti nyeupe au nyeusi juu ya udongo usiozibwa ni kujitafutia matata.

Mpako wa pili hungoja grauti ikomae na sakafu ikauke kabisa. Maagizo ya kopo yafuatwe, maana dawa nyingine huruhusu siku tatu na nyingine huhitaji karibu mwezi mzima. Ukavu hupimwa kwa kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kila upande, kilichobandikwa sakafuni kwa utepe kwa saa 24. Matone yakionekana chini yake, au kigae kikiwa cheusi zaidi pale kilipofunikwa, siku ya kupaka haijafika. Kalenda ya bonasi na kalenda ya mvua hazipatani katika jambo hili: grauti hujazwa Novemba, ilhali wiki kavu za nyanda hizi mara nyingi huangukia Januari na Februari. Sakafu inaweza kutumika katika kipindi hicho, mradi mkeka uwekwe mlangoni na chai inyweke kwingineko.

Ukungu wa grauti usiachwe chini ya dawa. Ukishafungiwa ndani, asidi haiwezi kuufikia tena mpaka dawa yenyewe iondolewe. Ni kweli kwamba dawa zinazokoza rangi, pamoja na mafuta, huweza kuuficha ukungu mwembamba kama maji yafanyavyo, na wapo mafundi wanaomaliza mzozo kwa njia hiyo. Mwenye nyumba anayekubali ajue kwamba anakubali pia kuikoza sakafu hiyo daima.

Kuhusu nani alipe doa likitokea, mapatano ya mdomo hayasaidii. Katika karatasi ya makubaliano, pamoja na bei ya kubandika kwa mita mraba, iandikwe nani ananunua dawa ya kuziba, inapakwa lini, na kwamba grauti itajaribiwa kwanza juu ya vigae vinne au vitano vilivyobandikwa kwenye ubao na kuachwa usiku mmoja. Vigae hivyo vya majaribio, na sanduku moja la ziada, vihifadhiwe: shehena ijayo dukani haitakuwa na rangi ile ile.

Baada ya hapo sakafu huoshwa kwa sabuni isiyo na asidi wala magadi makali, na jaribio la tone hurudiwa kila mwaka mbele ya mlango na karibu na meko, mahali ambapo dawa huisha kwanza. Tone likianza kuzama, ni hapo tu panapopakwa upya.